Usije na Sufuria, Mama

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Uwineza, wewe! Tangu Pasaka hujakanyaga hapa Kamembe. Huko Bweyeye unakokaa si mwezini. Najua barabara mbaya, najua unafundisha batoto ya wenyewe. Lakini uliyenifundisha herufi na uzee wangu ni wewe, basi utasoma kurasa hizi siku moja moja, na uone haya.

Habari kubwa! Nahamia Kigali kwa mwanangu, baba yako mdogo, Aimable. Amepiga simu. Anasema begi moja tu. Nisilete mawe ya kusagia, nisilete makaa, nisilete kuku. Halafu akamalizia: usije na sufuria, Mama, kila kitu kipo.

Sufuria yangu! Ile kubwa ya bugali, iliyolisha ubatizo wenu wote. Nikifika bila hiyo, mke wake Teta atanikalisha kwenye kochi kama mgeni. Chai, rimoti, pumzika Mama. Mgeni hadi kufa! Haiwezekani. Sufuria inakwenda.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Nimeizungushia blanketi, nikaishonea foronya. Mto mzuri kabisa! Mwanamke yeyote husafiri na mto wake.

Akaja jirani, Mukandayisenga, eti kuniaga. Anaitamani sufuria hiyo tangu tulipokuwa Bukavu. Badala ya kukaa kwenye kiti akakaa juu ya mto. Na alivyo mzito! Aliruka kama ameketi kwenye moto. Akaniuliza kama siku hizi ninalalia jiwe. Nikamjibu ni mto wa daktari, wa shingo.

Hajafika kwake, simu ya Aimable imelia. Ameshajua. Anasema Mukandayisenga amejitolea kunitunzia sufuria. Kunitunzia! Mwizi mwenye huruma.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijalala kwa furaha. Nimepata! Begi litakaguliwa na Mukandayisenga kwa niaba ya Aimable. Mto umeshajulikana. Lakini tumbo la mwanamke nani atalifungua?

Nimejaribu mbele ya kioo. Sufuria tumboni, vitenge viwili kuifunga, gauni la misa juu. Mimba ya miezi tisa! Miaka tu ndiyo imezidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Gare ya Kamembe, kituo cha mabasi, asubuhi. Nimetembea polepole, mkono kiunoni. Mukandayisenga amekuja hadi mlango wa basi kuhakikisha siibi mali yangu mwenyewe. Akaniona. Mdomo ukabaki wazi.

Msichana mmoja akaniachia kiti. Shofa, dereva wa basi, akaniuliza kwa heshima: Koko, bibi yangu, ni ugonjwa? Nikasema hapana, ni baraka. Kosa langu ni hilo neno baraka.

Kulikuwa na mchungaji wa Nyakabuye anayesafiri. Akaruka. Sara wa leo! Wamama wakaanza kuimba, gare nzima ikaja. Mchungaji akaniwekea mkono tumboni, na ana pete kubwa.

Ngooong!

Nikasema mtoto ni mgumu.

Hapo mfuniko ukachomoka, ukaanguka kati ya miguu yangu. Mama mmoja akalia kwamba kondo la nyuma limetangulia! Nilicheka hadi kitenge kikafunguka, na sufuria yenyewe ikafuata.

Mukandayisenga alikaa chini kwenye vumbi kwa kicheko. Mchungaji naye akaficha uso kwenye Biblia, mabega yakitikisika. Shofa akaokota sufuria, akaipakia nyuma. Akasema: Koko, ungeniomba tu, buti liko tupu.

Vijana hawajui mipango.

Jumamosi, 9 Agosti

Kigali. Nimeshindwa. Jiko la Teta ni la gesi, limelala kwenye kioo. Nimeweka sufuria, imefunika moto wote pamoja na vitufe. Teta akanishika mkono taratibu, akanipeleka kwenye kochi. Chai. Rimoti. Nimegeukia ukuta, nimelia kidogo. Usimwambie Aimable.

Jumapili, 10 Agosti

Uwineza! Asubuhi Teta amenijia jikoni kwa siri. Kwaya nzima inakuja kuona nyumba mpya, na hajawahi kusonga bugali ya watu wengi. Sufuria zake zinatosha wanasesere. Nikavua viatu! Mawe matatu nyuma ya nyumba, kuni, mwiko. Nimesonga, yeye ameshika sufuria kwa vitambaa, jasho linatutoka, tunatukanana kwa upendo. Wamekula hadi ukoko. Jioni Teta ananiuliza, nyumbani kwake mwenyewe: Mama, chumvi tunaweka wapi?

Nani mgeni sasa?

Aimable anasema ningemweleza tu, angeituma kwa lori. Sikumsikia. Nilikuwa nawaza kinu cha sombe, cha kutwangia majani ya muhogo, kilichobaki Kamembe. Nikimwomba atakubali, na raha iko wapi?

Kwa hiyo sikiliza. Ukija, pitia Kamembe, kichukue kinu. Usimuage muntu yeyote. Kivalishe kofia ya sufu, kifunge mgongoni kwa kitenge. Wakiuliza, sema amelala.