Foleni ya Mwewe

Jumatatu, 18 Septemba

Tumefika. Basi limetushusha saa nane mchana mbele ya nyumba ya wageni, wastaafu kumi na wawili wa mtaa mmoja, mifuko ya dawa mingi kuliko ya nguo. Siku tano kwenye bustani ya mapembea. Wazo langu. Mimi ndiye mwenyekiti wa chama chetu, mwaka wa tisa huu.

Wa kumi utategemea Ijumaa jioni. Tunapiga kura, na safari hii nina mpinzani: Kazimiera Sroczyńska wa ghorofa ya tano. Marehemu mumewe alikuwa mkubwa serikalini enzi zile za ukomunisti. Sisi tuliposimama kwa saa sita kwenye theluji kungojea mfupa wa supu, yeye alinunua soseji kwenye duka lenye mapazia madirishani, la wakubwa peke yao. Mimi si mtu wa kinyongo. Ila sijasahau.

Tukiwa kwenye supu ya bitiruti akagonga glasi. Akasema kiongozi lazima awe na moyo, na kwamba yeye wiki hii atapanda Mwewe. Kisha akaniuliza, kwa upole wa nyoka, kama na mimi nitapanda au magoti bado yananisumbua. Nilipaswa kusema magoti. Magoti yalikuwa jibu zuri. Mdomo wangu ukasema nitapanda, tena kiti cha mbele kabisa.

Mwewe ni treni ya kuporomoka. Namwona kutoka dirisha la chumba changu. Reli nyeusi inapanda mita sitini, halafu inaanguka wima kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Kila dakika tatu watu wanapiga mayowe. Nimefunga dirisha. Bado nawasikia.

Hakuna anayejua kwamba siwezi kupanda hata stuli. Tangu mume wangu Teofil afariki, taa ya ukumbini imeungua na iko hivyohivyo, mwaka wa pili sasa. Nikisimama juu ya chochote kirefu kuliko kizingiti, viganja vinalowa na sakafu inaanza kuniita kwa jina.

Jumanne, 19 Septemba

Nimeokoka! Ubao wa mlangoni kwa Mwewe ulisema kungoja dakika mia moja na kumi. Shule zote za mkoa zimeleta watoto. Nusura niubusu ubao ule.

Hesabu ilikuwa rahisi. Bustani hufungwa saa kumi na mbili. Tukiingia foleni saa tisa na nusu na nikaichelewesha kidogo, hatufiki.

Kazimiera akaja na bangili za njano, zile za kupitia mlango wa pembeni bila kungoja. Amewanunulia wote kumi na wawili, kutoka mfukoni mwake. Akauliza kwa sauti ya kusikika: "Jamani, umri wenyewe umebaki kiasi gani hata tuumalizie kwenye foleni?"

Watu wakacheka. Niliona kura zikihama kama kuku walioonyeshwa mtama. Nikasema: "Huko juu ni dakika mbili, Bi Kazimiera. Safari yenyewe ni hii ya kungoja. Sema wewe hujui, kwa kuwa hujawahi kusimama."

Kazimiera akawa mwekundu shingoni. Sikujua kama nimeshinda au nimevuka mpaka. Mzee Alojzy, mchimba makaa mstaafu ambaye huongea mara mbili kwa wiki, akamrudishia Kazimiera bangili. Wengine watano wakamfuata. Wanne wakaenda na Kazimiera.

Foleni yenyewe inapita ndani ya ngome ya kujengwa. Baridi. Giza la kijani. Manyoya makubwa yananing'inia, kuna mafuvu ya sungura ya plastiki, na kila mara ndege asiyeonekana analia juu ya kichwa chako. Tena ukuta mzima hutetemeka treni ikipita. Wametengeneza makusudi ili mtu aogope mapema. Mimi sikuhitaji msaada huo.

Nilipisha darasa la kwanza kwa adabu. Nikapisha la pili. La tatu walimu walikataa, nikawalazimisha. Saa kumi na mbili kasoro kumi tulikuwa chini ya ngazi ya mwisho, tukatangaziwa kwamba wamefunga. Nilisikitika kwa sauti kubwa.

Kundi la bangili lilipanda baada ya dakika saba tu. Lakini nasikia Kazimiera hakupanda. Alibaki akiwashikia wenzake mikoba. Bila shaka ni hila ya kuomba kura.

Jumatano, 20 Septemba

Mvua. Shule hazikuja. Ubao: dakika ishirini. Nikashika nguzo.

Katika hofu ile akili ikafunguka. Nikatoa daftari nikatangaza kwamba tutafanya kama zamani: orodha ya foleni. Kila mtu anaandikwa namba, anaweza kwenda kula soseji ya moto, kila nusu saa tunaita majina, asiyeitika anafutwa na kurudi mwisho. Wenzangu wakachangamka kama vijana. Halszka wa ghorofa ya tatu, ambaye hajacheka tangu azike dada yake, alijitolea kuita majina. Aliita kwa sauti ileile ya mama mmoja mkali wa duka la nyama tuliyemwogopa sote, tukashika mbavu. Wageni Wacheki kutoka Brno waliandikwa pia. Nao wakapeleka watu kula.

Baada ya saa moja hakuna aliyejua nani yuko mbele ya nani. Mcheki mmoja, namba kumi na saba, alimshtaki namba kumi na tisa. Askari wa bustani akaja akauliza nani kiongozi wa ghasia hizi. Vidole vyote vikanielekea. Tukapelekwa mwisho kabisa, na mpaka tukasogea tena, muda ukaisha.

Tulikaa humo kwa saa tatu. Alojzy alisimulia jinsi alivyosimama siku mbili kupata viatu vya harusi akapewa vyote vya mguu wa kushoto. Mimi nikasimulia jinsi nilivyompata Teofil kwenye foleni ya mashine ya kufulia. Mashine hatukupata. Kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa kuogopa. Kisha ukuta ukatetemeka nikakumbuka.

Watu wa bangili walimaliza mapembea yote kabla ya saa tano asubuhi. Watatu wana kizunguzungu. Jioni niliwaona wameegemea kamba, wanatusikiliza. Kazimiera alikuwa nyuma yao, amejikunyata na mwavuli wake. Alikuwa akitutazama, si mimi peke yangu, sote, kama mtu aliyefika sherehe isiyo yake.

Alhamisi, 21 Septemba

Siku mbaya.

Kazimiera amekuja foleni bila bangili. Amesimama nyuma yangu. Akasema mbele ya wote kwamba kesho ni kura, leo tupande sote wawili viti vya mbele, au asiyetaka aseme anaogopa. Alojzy akaenda kumwomba kijana wa treni atutunzie viti hivyo. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Ubao ulisema kungoja saa moja. Ilikuwa saa fupi kuliko zote nilizowahi kuishi. Nilihesabu manyoya. Nilijaribu kupisha mtu, lakini wenzangu sasa walinisukuma mbele kwa upendo.

Nilikuwa na tegemeo moja. Kabla ya jukwaa kuna mlango mdogo wa waliobadili nia. Nimeuchunguza tangu Jumanne. Ujanja wangu: nijidai nafunga kamba za kiatu, wapite, nichepuke, nishuke hadi njia ya kutokea, nivuruge nywele, niungane nao nikihema.

Kazimiera alitangulia akisema anakwenda kuangalia kiti. Wengine wakapita. Nikainama. Nikachepuka.

Ndani kulikuwa na ujia mwembamba, taa moja na benchi. Juu ya benchi alikaa Kazimiera, kitana mkononi, akizivuruga nywele zake za saluni.

Tulitazamana. Nje treni iliondoka, mayowe yakapanda. Yeye akasema kwanza: "Ukisema, nami nitasema."

Nikakaa. Nikamwuliza kwa nini basi alianzisha yote haya Jumatatu. Akasema alikuwa na hakika nitakataa. Nikakiri kwamba nami nilitumaini hivyohivyo juu yake.

Halafu akaendelea bila kunitazama: "Mume wangu alinikataza foleni. Nilikuwa nawaona kutoka garini. Mnapigwa na theluji, na mnacheka. Siku moja nilishuka nikasimama na kikapu. Nyote mkanyamaza. Na wewe ulikuwepo, Leokadia."

Sikumbuki siku hiyo. Lakini naujua ukimya ule, nilikuwa fundi wake. Nikachukua kitana nikamvuruga nyuma, mahali asipofika. Naye akanivuruga mimi.

Tulitoka tukihema. Wenzetu wakatupigia makofi. Ndipo nikaona kioo.

Bustani hii hupiga picha kila treni pale inapoanza kuporomoka, na picha huonyeshwa kwenye kioo cha njia ya kutokea. Picha ya treni yetu: Alojzy safu ya pili, Halszka amefumba macho, na mbele yao viti viwili vitupu. Nikasema tulikuwa tumeinama. Kazimiera akasema ndiyo, tulikuwa tumeinama sana.

Alojzy aliitazama picha. Akatutazama. Akainunua, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Ijumaa, 22 Septemba

Mimi na Kazimiera tuliamua kwa kunong'onezana kwenye mayai ya asubuhi: lazima tupande kweli, kabla ya kura. Uongo ukiwa kweli kwa kuchelewa, bado ni kweli. Hoja yake. Niliiona nzuri.

Tulikuwa mlangoni bustani ilipofunguliwa. Ubao: dakika sifuri.

Sifuri! Hapakuwa na mtu. Tulipita ngome nzima kwa dakika nne, ndege akitulilia sisi wawili tu. Hapo nilijua kwamba maneno niliyosema Jumanne kwa hila yalikuwa ya kweli. Katika foleni hofu hugawanywa, kila mtu hubeba kipande. Bila foleni, yote ni yako. Nilimwomba Kazimiera tutembee polepole. Tayari tulikuwa tunatembea polepole.

Tulipita ule mlango mdogo. Kila mmoja alingoja mwenzake ageuke. Hakuna aliyegeuka.

Chuma kikashuka mabegani. Treni ikaanza kupanda, ikigongagonga. Niliona paa la nyumba ya wageni, kisha ziwa, kisha vijiji ambavyo sikuvitaka. Kazimiera alinishika mkono kwa kucha. Kileleni ilisimama. Tuliinama mbele, uso ukitazama ardhi, na ardhi iliniita kwa jina. Kazimiera akasema, taratibu kabisa, kwamba angependa kushuka sasa. Nikamwambia hata mimi.

Yaliyofuata siyajui. Najua nilimwita Teofil, mama, na fundi wa lifti wa jengo letu. Najua Kazimiera alitukana matusi ya bandarini. Tuliposimama meno yangu ya bandia ya juu yalikuwa mkononi mwangu na sikumbuki kuyatoa.

Tukakimbilia kioo, kama mtu anaweza kukimbia kwa magoti yale. Kioo kilikuwa cheusi. Binti wa picha, akiwa anavua koti, akatueleza kwamba kamera huwashwa saa tano.

Jioni, kura. Kabla ya kugawa karatasi Alojzy akasimama. Akatia mkono mfuko wa ndani. Chini ya meza Kazimiera alinikanyaga, nami nilimkanyaga. Alojzy akainua picha akasema: "Miaka arobaini na mbili mgodini, kila picha kuna kofia ya mtu mbele ya uso wangu. Hii ni ya kwanza naonekana mzima."

Ikapitishwa mezani. Halszka akaikazia macho akauliza mbona mbele hakuna watu.

"Waliinama," Alojzy akasema, akakaa.

Matokeo: mimi kura mbili, Kazimiera kura mbili, Alojzy nane, na hakuwa hata mgombea. Halszka alieleza kwamba sauti zetu zimewachosha.

Miaka tisa!

Jumapili, 24 Septemba

Nyumbani. Jana kwenye basi Kazimiera alikaa pembeni yangu. Tulikula mkate wake na matango yangu. Aliuliza kama Jumanne anaweza kuja kunywa chai, nikamwambia aje. Nilijisikia mwepesi. Nikajiahidi kwamba kuanzia sasa nikiogopa nitasema naogopa, kwa lugha rahisi, kama watu wazima.

Tulipokuwa tunakaribia mji, mwenyekiti mpya akasimama. Akasema majira ya kuchipua atatupeleka kwenye mgodi wa zamani, mita mia tatu chini ya ardhi, kwenye kile kizimba cha chuma kinachoshuka gizani. Akauliza, kwa wema kabisa, kama kuna anayeogopa mahali pembamba, aseme bila aibu.

Nikamtazama Kazimiera. Naye akanitazama. Alikuwa amepauka kama jibini.

Nikainua mkono nikasema mimi nimeshashuka mara mbili.

Kazimiera akasema yeye mara tatu.

Sijawahi kushuka hata stoo ya viazi chini ya jengo letu. Lifti naipanda nikiwa nimefumba macho. Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nimempigia simu Alojzy kumuuliza kama kwenye kizimba kile huwa kuna foleni. Amesema hapana, sote kumi na wawili tunaenea mara moja.