Nusu Inchi ya Hajrabai

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Likizo. Wanafunzi wangu wa fizikia wamekwenda kwao, na mimi sina wa kumfundisha.

Chumba cha juu kiko wazi! Hajrabai, mwenye nyumba, ametangaza asubuhi akiwa amesimama ngazini. Mwanawe Aamir amehamia Nairobi, na chumba chake atapewa mmoja wetu wapangaji wawili: mimi au Dancan, karani wa bandarini. Kodi ni ile ile. Ataamua Jumapili. Nimemwuliza atatumia kipimo gani. Akasema, "Nitampa anayeipenda nyumba yangu, Mwende."

Chumba changu kiko chini, nyuma, kimepakana na pampu ya maji. Hakina dirisha, kina tundu. Miaka miwili sijahisi upepo nikiwa nimelala. Kile cha juu kina madirisha mawili yanayotazama kichochoro. Nakitaka mno.

Kufikia saa nne Dancan alikuwa ameshatia mafuta bawaba za mlango wa mbele. Huku anapiga mbinja. Mnafiki!

Alasiri, nafasi. Hajrabai amenunua mfereji wa kisasa wa jikoni, ule wa mkono mmoja unaochanganya maji ya moto na ya baridi. Wifi yake Sanober wa Nyali anao, na hachoki kuutaja. Sanober anakuja kula Jumamosi. Hajrabai alitaka kumwita fundi. Nikasikia sauti ikimwambia kwamba fundi wa nini, kufunga mfereji ni fizikia tu. Ilikuwa sauti yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeufungua mfereji wa zamani. Mkia wake una uzi, mistari ya kuzungushia kama ya parafujo, kwa nje, na tundu la ukutani lina uzi kwa ndani. Mafundi huuita wa nje dume, wa ndani jike. Nimeutazama uzi ule kwa lenzi dakika ishirini. Mistari kumi na minne kwa kila inchi. Kwa nini si kumi na mitano? Nani aliamua? Nimesahau kula.

Mfereji mpya una mipira miwili ya kupitishia maji, kila mmoja unaishia kwa nati ya jike. Jike kwa jike haviungani. Kwa hiyo nahitaji kipande kifupi chenye dume huku na huku. Nimeupima mkia wa zamani kwa rula: milimita ishirini na moja. Inchi moja kasoro kidogo. Kipimo cha karibu kinachouzwa ni robo tatu.

Nikaenda Makadara dukani kwa Bwana Najmuddin, anayeuza vifaa vya mabomba. Akauliza nimekuja na kipande cha zamani? Nikamwambia sikihitaji, nina hesabu. Akatazamana na Kitsao, fundi ambaye hukaa mlangoni juu ya ndoo akingoja kazi. Sikupenda walivyotazamana.

Robo tatu haingii. Nadhani tundu la ukuta limesinyaa kwa chumvi.

Jumatano, 6 Agosti

Halijasinyaa. Nilijaribu nyundo. Hajrabai akauliza kutoka juu, "Binti, unajenga au unabomoa?" Nikasema najenga.

Dancan amepaka rangi reli ya ngazi bila kumwambia mtu. Kiganja changu ni cha kijani.

Nikarudi Makadara, safari hii na mfereji wa zamani mkobani. Najmuddin aliutazama tu, hata hakuushika. Nusu inchi, akasema. Nikamwambia ni milimita ishirini na moja. Nusu inchi. Nikamweleza, kwa upole ninaoutumia kwa kidato cha kwanza, kwamba nusu inchi haifiki milimita kumi na tatu. Akaniambia basi nipime uwazi wa ndani. Nikapima pale pale kaunta. Kumi na tano! Wala hiyo si nusu inchi!

Akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, nusu inchi ni jina. Mimi naitwa Najmuddin. Kuna aliyenipima?"

Kisha akanieleza. Zamani chuma cha bomba kilikuwa kinene, na uwazi wake ulikaribia nusu inchi kweli. Chuma kikaboreshwa, kuta zikawa nyembamba, uwazi ukapanuka. Kwa nje hawakugusa kitu, ili bomba jipya lioane na la zamani. Jina likabaki.

Nimesimama nje kulitafakari hilo hadi tuktuk ikanipigia honi. Kila nyumba kisiwani inakunywa maji kupitia kipimo ambacho hakipo! Hakuna kitabu kilichonidokezea. Nimefurahi kupita kiasi.

Kitsao hana hata rula. Alisema, "Jaribu kwa vidole, dadangu. Ukizunguka mara tatu bila spana, hao mke na mume. Ukigoma, usiupige." Akajitolea kuja kunifungia. Nikakataa. Chumba ni kimoja, na sifa ni moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Kipande cha nusu inchi kimezunguka mara tatu kwa vidole! Nilipiga ukelele. Baadaye tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji, spana kidogo, basi.

Umebaki mpira wa pili, wa maji ya moto. Nyumba hii haina bomba la maji ya moto; Hajrabai huchemsha kwa sufuria. Nimeuacha uning'inie kabatini chini ya sinki, karibu na unga wa dengu. Kwa ajili ya maendeleo ya baadaye. Nikausukuma mkono upande wa baridi, nikafungua. Maji! Chini, hata tone hakuna!

Hajrabai amenibusu paji la uso. Dancan amenipa hongera kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nimeanza kukunja nguo zangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sanober alifika saa saba na manukato yake. Hajrabai akampeleka moja kwa moja jikoni, kana kwamba wanapita tu. Sanober akasema wake ni mrefu zaidi. Akaunyanyua mkono wa mfereji, akauweka katikati.

Kabati likafunguka lenyewe.

Maji yalipanda mpira mmoja wa mfereji na kushuka kwa ule mwingine! Mkono ukiwa katikati, njia zote mbili ziko wazi, na mpira wangu wa maendeleo ulikuwa hauna kizibo. Jambo la kupendeza mno. Nililitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Unga wa dengu ukawa uji, uji ukafika viatuni kwa Sanober. Dancan ndiye aliyefunga maji. Dancan ndiye aliyempigia simu Kitsao.

Kitsao alipiga magoti, akachungulia, mabega yakimtikisika. Akafunga kiungo cha njia tatu, mipira yote miwili ikanywa bomba moja. Akasema sasa geuza popote, ni baridi tu.

Ndipo Sanober, akijipangusa miguu, akaropoka kwamba hata wa kwake umefungwa hivyo hivyo.

"Miaka minne," Hajrabai akasema. "Miaka minne unanihadithia maji ya moto!" Akakaa kitako juu ya sakafu iliyolowa, akacheka mpaka akalia. Mwishowe Sanober naye akacheka.

Mimi nilikwenda chumbani kukunjua nguo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepewa mimi!

Hajrabai alituita sote wawili. Alisema Dancan ni kijana mwema, anaweza kuachwa peke yake chini na nyumba ikasimama. Mimi nitalala juu, ukuta mmoja na yeye, ili asikie ninachokishika. Dancan alicheka. Wivu. Ni dhahiri kwamba kazi yangu imethaminiwa.

Jumanne, 12 Agosti

Upepo ni kama nilivyouwaza. Madirisha yote mawili wazi.

Kasoro ni moja: kitasa cha mlango. Cha shaba, cha zamani, na ufunguo hukwaruza kabla ya kuzunguka. Nilitaka kujua sababu tu. Nikajifungia ili Hajrabai asisikie, nikakifungua.

Vipande kumi na kimoja. Vizuri ajabu. Kimoja kimeruka dirishani. Mlango haufunguki.

Hajrabai amegonga kusema chakula kiko mezani. Nimemjibu kwamba sina njaa. Ni samaki wa kupaka. Nasikia harufu hadi huku. Kwa hesabu yangu, kesho mchana nitakuwa nje.