Barua ya Mwenyekiti wa Brazili

Kwa mamlaka niliyokaimishwa, nawatangazia wakazi wote wa Kampala kwamba kuanzia likizo hii ya Agosti hakuna mtoto atakayeruhusiwa kuumba nchi yoyote duniani bila barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC wa nchi hiyo. Aidha, hakuna atakayeingia kwenye maonyesho ya kazi za watoto bila barua ya mwenyekiti wa anakotoka.

Ndivyo ulivyosema waraka wangu, na nilipousoma mara ya tatu nilijipigia makofi. Mimi ni Sifuna, Kaimu Mratibu wa Ufundi na Jiografia ya Likizo, ofisi ya meza moja hapa Ntinda. Nimekaimu miaka minne. Tunawafundisha watoto dunia kwa mikono: wanapuliza puto, wanalibandika magazeti kwa uji wa muhogo, likikauka linakuwa tufe la dunia, nao wanachora mabara. Lilikuwa jambo zuri, na ofisi ikiona jambo zuri lazima iliwekee utaratibu.

Mantiki ipo. Kampala, mtu mzima akitaka kupanga chumba au kufungua akaunti anadaiwa barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, ile yenye muhuri. Itakuwaje basi mtoto wa miaka kumi ajimegee Brazili nzima hivihivi?

Mimi mwenyewe sina barua hiyo. Mwenye nyumba alinikubali kwa kuiona tai yangu. Mwenyekiti wa mtaa wetu ni mama anayeuza mkaa, na mtu wa cheo changu hapangi foleni kwenye magunia. Mke wangu Nerima amenisihi miaka kumi na moja, tangu tutoke Bungoma, Kenya. "Baba Cleopas, nenda ukaandikishwe. Hapa hata kuku wanajulikana." Nilimjibu kwamba mimi najulikana ngazi za juu.

Aliyeanza kunisumbua ni Ajok, binti wa konstebo, kutoka kambi ya polisi ya jirani. Alikuja amekumbatia tufe lake.

"Afande, mimi nataka kuchora Brazil."

Mimi si askari, lakini sijawahi kumsahihisha. "Barua iko wapi?"

"Sasa LC ya Brazil mimi natoa wapi?"

"Hilo si la ofisi hii. Mwombaji ndiye anayemtafuta mwenyekiti."

"Na kama hakuna?"

"Paka bluu. Bahari haihitaji barua."

Watoto thelathini wakapaka bluu. Tufe langu la mfano nalo lilikuwa bluu tupu. Nilishukuru kimoyomoyo, maana sijui Brazili inakaa upande gani.

Ijumaa ya maonyesho ilikuwa siku yangu. Mheshimiwa mgeni rasmi alikuwa anakuja na barua ya kunithibitisha kazini, ili niache kuitwa kaimu hata na watoto wangu. Nilivaa suti nzito, jua likiwaka.

Langoni nilikuta meza, na nyuma ya meza Ajok. Mbele yake palikuwa na viazi vilivyokatwa nusunusu, kila kimoja kimechongwa muhuri. Kumbe kwa wiki mbili watoto walikuwa wakichaguana wenyeviti wa LC wa nchi za dunia. Mwenyekiti asiyejua majirani wa nchi yake, mito yake na chakula cha watu wake alinyang'anywa kiazi. Ndani niliona matufe yamejaa nchi, na kila nchi ina barua yake. Niliona fahari, halafu nikaona wivu.

"Barua, Afande," akasema Ajok.

"Mimi ndiye mwenye maonyesho!"

"Najua. Lakini waraka yako nasema kila mtu. Hata Mheshimiwa ametoa yake."

Baba yake, Konstebo Otema, alikuwa amesimama kando na bunduki. "Afisa, hii oda ni ya wewe," akasema kwa upole. "Sisi tunafuata tu."

Nikainama mezani. "Nisaidie, mwanangu. Kazi yangu iko humo ndani."

"Mwenyekiti ya kwenu anakujua?"

Nikaikaza tai yangu.

"Uruguay imebaki bila mtu. Jirani yake ni nani?"

"Ureno," nikasema kwa sauti ya ofisi.

Ajok alinihurumia, nililiona hilo waziwazi. Akachukua kiazi kisichochongwa kitu, akakichovya kwenye rangi ya bluu, akapiga muhuri na kuandika: *Huyu Sifuna ni mukaaji ya Bahari ya Pasifiki. Hana shida na mtu.*

Ndani, Mheshimiwa aliisoma barua ya Ajok mara mbili. Kisha akaitazama ile barua yangu ya kuthibitishwa, niliyoingoja miaka minne.

"Hii ni ya Sifuna wa Ntinda," akasema. "Wewe ni wa Pasifiki." Akairudisha kwenye jalada. "Huyo wa Ntinda akipatikana, aje ofisini na barua."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mkaa, nyuma ya akina mama sita. Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti alifungua daftari bila kuniangalia tai.

"Ssebo, bwana wangu, hapa hatukujui. Mgeni analeta barua ya LC ya kule alitoka."

Nilimpa niliyokuwa nayo. Akaukagua muhuri wa kiazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika: Sifuna, ametoka baharini, amefika leo.