Jibu la Nyanchoka Lilikwama kwa Breki

Mwaka huo wa sabini na tisa, Joab aliingia kibandani kwa Mama Elmina, nyuma ya kiwanda cha chai pale Kericho, ameshika gazeti la meneja. Joab ni karani, sisi tunamwita Profesa, na siku akisoma kitu hatunywi chai kwa amani.

"Wazungu wamemaliza dunia! Huko Amerika kompyuta inatuma barua kwa kompyuta ingine. Kwa waya ya simu!"

"Sasa watu wa posta watakula nini?" akauliza Bosire, dereva wa trakta. Tunamwita Breki kwa sababu trakta yake haina.

"Ngoja! Haiendi moja kwa moja. Kila mashine inajua jirani yake tu. Wewe mwenye kuandika unataja njia yote: peleka kwa huyu, huyu apelekee yule, yule apelekee fulani. Ukiruka mmoja, imepotea."

Mama Elmina akacheka mpaka akamwaga maziwa. "Profesa, hiyo si ni sisi? Amolo si alituma neno lake hivyo hivyo?"

Sote tukamgeukia Amolo, fundi wa mtambo wa kukausha majani. Maskini, alikuwa amekodolea kikombe macho. Wiki iliyopita alituma kumuuliza Nyanchoka wa Sigor kama atakubali waoane. Alimpa Breki, Breki akampa Gekara dereva wa basi, Gekara akampa Mosoti mwenye duka Merigi, Mosoti akampa Mama Gesare wa kwaya, jirani yake Nyanchoka. Jibu lilitakiwa kurudi njia hiyo hiyo.

"Bado?" nikamuuliza.

"Bado, omera, ndugu yangu. Na kesho wazee wa mwalimu mmoja wa huko wanaingia kwao Nyanchoka kumposa. Nimekwisha."

"Mashine moja ikizimwa," Profesa akaendelea bila huruma, "barua inakaa hapo mpaka iwashwe."

"Basi ni Mosoti amezimwa!" Amolo akagonga meza. "Huyo akianza hadithi za duka, anasahau hata watoto wake!"

"Ama ni Gekara," akasema Mama Elmina. "Nasikia basi yake ililala Litein."

"Msimsingizie Gekara," Breki akaruka. "Gekara alifika jana."



"Umejuaje?" Amolo akasimama.

Breki akachungulia kikombe chake. "Si alinipatia jibu."

"Tangu jana?!"

"Niliambiwa nikuambie ukiwa peke yako! Na wewe ukitoka kiwandani uko hapa, ukitoka hapa uko kambini, watu sita kwa chumba moja. Ningekupata peke yako wapi, chooni?"

"Peke yake!" Mama Elmina akafyonza. "Na Sigor mpaka hapa wote wameshasikia!"

"Sema, Breki!"

"Mbele ya hawa?"

"SEMA!"

Breki akapanguza mdomo. "Anasema hivi: 'Nimeposwa na dereva wa basi, nimeposwa na mwenye duka, nimeposwa na kwaya nzima. Amebaki Amolo tu. Kama ananitaka, akuje mwenyewe, mbele ya huyo mwalimu.'"

Amolo akatoka mbio na ovaroli yake, chai ikabaki inatoa mvuke. Nikafurahi kwa ajili yake kabisa. Alipofika kwenye kona akageuka na kupiga kelele, "Breki! Kimbia mbele umwambie Gekara aningoje!"

Breki akainuka. Mama Elmina akamshika koti.

"Kimbia mwenyewe, Amolo!" akamjibu kwa sauti, kisha akamkalisha Breki kwenye benchi. "Na wewe keti. Umezimwa tangu jana."