Kisafisha Sauti Chapanda Suji

Mwongezee binadamu sauti kidogo tu, ataapa kwamba wimbo umekuwa mzuri zaidi. Prosper aliligundua hilo kwenye banda la chipsi pale Same, siku muuzaji alipopandisha spika na wateja wote wakasema leo muziki umetulia. Mtu mwingine angemaliza kula akaenda zake. Prosper aliacha chipsi zipoe, akafikiri.

Wiki iliyofuata alikuwa akiuza vikasha vya sabuni vya plastiki. Ndani ya kila kimoja aliweka betri ndogo na taa ya kijani, na pembeni akatoboa matundu mawili ya waya. Akakiita kisafisha sauti. Kazi ya taa ilikuwa kuwaka. Kazi nyingine aliifanya Prosper mwenyewe kwa kidole gumba: akishakichomeka, anapandisha sauti ya simu hatua mbili bila mteja kuona. Bodaboda na wenye saluni walifumba macho wakasema sasa wanalisikia besi mpaka kwenye mifupa. Hakuna aliyerudi kulalamika. Nani atakubali mbele za watu kwamba masikio yake hayasikii kitu alichokilipia?

Aliyeumia ni Rogathe, mwalimu wa kwaya kule Suji milimani. Alishuka Same na laki nne na nusu, fedha ya maharage ya wanakwaya, kununua spika mpya. Prosper akamweleza kwa huruma kwamba spika yao ya zamani haina kosa, ila sauti inaifikia ikiwa chafu. Rogathe akarudi na visafisha sauti vitatu. Bibi Hedwiga, mwenyekiti wa kwaya, akafungua kimoja kwa kisu cha kumenyea ndizi. Kwaya ikampa mwalimu mpaka Jumapili: arudishe fedha au aache ualimu.

Alhamisi Rogathe akampigia Prosper. Hakulalamika. Alisema kwaya imefurahi mno, na vijiji jirani vinataka vingine kumi.

Tapeli yeyote mzoefu angeshtuka. Lakini samaki akikupigia simu kuuliza ndoano ni bei gani, akili hulala. Prosper akapanda mlima mchana uleule.

Bibi Hedwiga alimpokea sebuleni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kula makande, wenzetu wako njiani."

Wakati wa kungoja, bibi akasema atamwekea muziki kwenye redio ya marehemu mume wake, ile ya santuri. Ilikuwa ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, imesukumwa karibu na pazia la mlango wa chumbani. Rogathe alisimama pale mlangoni, mkono wake mmoja nyuma ya pazia, kama mtu aliyejiegemeza.

Bibi akashusha sindano. Kukakwaruza kidogo, kisha watu wakaimba.

Prosper alikuwa ameuza sauti safi miezi mitatu bila kuisikia. Sasa akaisikia. Besi lilitikisa kijiko kwenye sahani. Sauti ya kwanza ikapanda juu yake, na kabla ya ubeti wa pili mama mmoja akavuta pumzi, na Prosper akaisikia hiyo pumzi. Vinyweleo vikamsimama. Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi, akaomba bibi asimamishe. Bibi akanyanyua sindano. Wimbo ukakatika palepale. Akaishusha, ukaendelea kutoka neno lilelile. Prosper akamkumbuka tajiri mmoja wa Moshi anayekusanya vitu vya kale. Huyo hatoi chini ya milioni mbili.

"Bibi, hii unaiuza?"

"Ya marehemu? Siuzi."

"Laki mbili. Na hivi visafisha sauti kumi nakuachia."

"Tunavyo vitatu," alisema Rogathe. "Vinatutosha kabisa."

Walivutana mpaka laki nne na nusu.

"Na ya kutolea," alisema bibi.

Prosper akatuma kwa simu. Bibi akavaa miwani, akausoma ujumbe mara mbili, ndipo akaruhusu redio ifungwe kwenye bodaboda.

Ilipopotea kwenye kona, akavuta pazia. Wanakwaya kumi na wanne wakatoka chumbani wakichuruzika jasho. Mama mmoja aliyebana kikohozi tangu ubeti wa kwanza alikohoa mpaka akakaa chini.

"Sauti ya tatu mmeshuka pale mwisho," alisema Rogathe. "Tunarudia."

Walirudia. Alikuwa bado mwalimu wao.

Jioni Prosper akaiwasha redio kwa kinyozi Abdulmajid, pale Same, amwonyeshe maajabu. Kikatoka kisauti cha mtu mmoja anayeimba kama yuko ndani ya debe. Akageuza santuri, akabadilisha waya, akalala chini kuchungulia. Mwishowe akampigia Rogathe, akaweka simu sauti ya juu ili kinyozi awe shahidi.

"Mwalimu, mbona hii redio haiimbi kama pale?"

"Subiri kidogo, ndugu yangu," alisema Rogathe. "Tuko mazoezini, tumalizie ubeti."

Hakukata simu. Kwenye kispika kile kidogo chenye mikwaruzo, wakaanza kuimba. Kabla ya ubeti wa pili mama mmoja akavuta pumzi. Prosper akakaa kwenye kiti cha wateja, polepole.

Abdulmajid alizima mashine ya kunyolea, akasogeza sikio kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Redio yako sitaki," alisema. "Lakini hiki ulichonacho kwenye simu, unauzaje?"