Baiskeli ya Siku Ishirini na Nane

Oyoo aliliona shati kwanza, mwenye shati baadaye. Lilikuwa jipya, mikunjo ya dukani haijatoka, na ndani yake alikuwemo Kashindye, mkulima wa pamba kutoka Magu. Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa na walilipa taslimu, basi kila shati jipya lililofika Igogo lilikuwa na mfuko, na mifuko mizito ilimtia Oyoo huruma. Alipenda sana kuwapunguzia watu mizigo.

"Shikamoo mzee wangu. Kaa hapa benchini, chakula cha Mama Mayala kinakuja. Dadu hili, kagua. Ling'ate ukitaka."

Kashindye akaling'ata kweli.

"Narusha mara nne. Sita ikitokea hata mara moja, nimekula mimi. Isipotokea, umekula wewe."

Kashindye akaligeuza dadu, akazihesabu pande. "Sita ni moja tu. Hizi tano zote zangu?"

"Zote zako! Mimi niliumbwa nionewe."

Tusimsingizie mtu: Oyoo hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi alinuna siku nzima. Dadu lilikuwa safi. Ila Yeremia, mwanafunzi wa ualimu kule Butimba, alimpigia hesabu kwa malipo ya samaki wawili, sato: katika michezo mia, kama hamsini na mbili ni ya Oyoo, arobaini na nane ya mwenzake. Mchezo mmoja si kitu. Lakini ukicheza kutwa, siku sita kwa wiki (ya saba alikwenda kanisani, akaimba besi), hiyo michache ya ziada inanunua baiskeli nyeusi yenye kengele mbili.

Na baiskeli hiyo, jamani, haikuwa ya kupanda tu. Oyoo alimpenda Akumu mpaka usingizi ukamkimbia, ila baba yake, mzee Ojuok, alikuwa amemwambia wazi: "Wewe asubuhi una redio, jioni huna hata viatu. Niletee kitu kimoja kilichokaa nawe mwezi mzima, ndipo tuzungumze." Baiskeli ilikuwa na siku ishirini na nane. Zilibaki mbili.

Kashindye alicheza mpaka hela ya chakula ikaisha. Akasimama, akasema kwa heshima kwamba hana njaa, akaondoka akilitazama lile sufuria la nyama.

Alikuwa wa tatu siku hiyo. Mama Mayala, mama ntilie mwenye kibanda, akaweka upawa chini.

"Wewe Oyoo. Wateja wangu unawala wewe, sasa chakula changu ale nani?"

"Mama, mimi nawaburudisha tu."

"Haya, niburudishe na mimi. Rusha hilo lidude lako mara nne. Mimi nasema kuna namba itajirudia. Ikijirudia, baiskeli yangu. Zikija namba nne tofauti, chukua masufuria yote, meza na benchi ulilokalia."

Oyoo akafikiri, au alidhani anafikiri. Namba ziko sita, kurusha ni mara nne. Nafasi tele! Kila namba inakuja kivyake na mbili zinabaki nyumbani. Maskini mama huyu, moshi umemwingia kichwani.

"Usije ukalia, mama."

"Rusha."

Tatu. Moja. Tano. Oyoo akaanza kuchagua sufuria atakalobeba kwanza. Dadu likarushwa mara ya nne, likagonga kikombe cha chai, likatulia.

Moja.

"Na funguo ya kufuli," akasema Mama Mayala, mkono umeshanyooshwa.

"Mama! Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe? Nina mboga sita hapa. Mwaka wa kwanza nilipika sahani mojamoja ya kila mboga, nikaaibika. Wakija wateja wanne, wawili lazima wagombanie sufuria moja. Si kila siku, ila siku nyingi. Miaka tisa napakua, mwanangu."

Oyoo alitembea kwa miguu hadi Butimba, roho inamuuma. Yeremia akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Ungeniuliza kwanza. Katika michezo mia, sabini na mbili ni ya yule mama."

"Sabini na mbili?" Machozi yakakauka papo hapo. "Na wewe uliniuzia ya hamsini na mbili? Kwa sato wawili?"

Siku ya thelathini ikafika. Mtu mwingine angekwenda kuomba radhi. Oyoo alikwenda kwa mzee Ojuok na dadu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Mzee, baiskeli ni chuma tu. Mimi nimekuletea elimu. Narusha mara nne. Namba ikijirudia, unaniruhusu kuleta washenga."

"Isipojirudia?"

Oyoo akajipapasa mifukoni. Hapakuwa na kitu. "Chukua dadu lenyewe."

Mzee Ojuok akakubali upesi kuliko ilivyotarajiwa. Nyuma ya pazia la mlango Akumu alikuwa amefumba macho, midomo inatembea, maana naye, jambo la kushangaza, alimpenda huyu mtu.

Mbili. Sita. Nne.

Zile nafasi ishirini na nane zilizobaki katika mia, ambazo hakuna aliyezitaja tangu Butimba, zilichagua asubuhi hiyo kuja kusalimia. Ikatoka tano.

Nyuma ya pazia mtu akasonya. Mzee Ojuok akalichukua dadu, akalitia mfukoni, akafunga na kishikizo.

"Mwezi unaanza upya leo," akasema.

"Mzee, sina kitu tena. Nitakaa na nini?"

"Na hiyo mikono mitupu. Ukiweza kukaa nayo mwezi mzima, njoo."