Kaka Mkaguzi Ampekua Mchumba Wangu

Duniani kuna wawili tu wanaojua siri za watu wote: Mungu na kaka yangu. Hayo ni maneno ya kaka, mimi simo!

Kaka ni mkaguzi wa serikali. Mwaka jana alitumwa kukagua ofisi inayotunza kumbukumbu za wahalifu, akapewa nenosiri la kuingilia mfumo wao. Aliruhusiwa kufungua majina yaliyochaguliwa kwa ukaguzi tu. Lakini hiyo ni fisi kukabidhiwa bucha! Nyumbani akawa hatembei, anaelea.

Nami kwa mkosi wangu, jioni ya siku hiyo aliyopewa nenosiri nikamwambia nimechumbiwa na fundi magari. Baba hatunaye tena, kwa hiyo idhini ni ya kaka.

"Fundi? Mwenye kucha nyeusi vile? Hakosi kesi huyo!"

"Si umuulize mwenyewe, kaka?"

"Watu hawaulizwi, mdogo wangu. Watu wanakaguliwa!"

Kesho yake akampekua fundi wangu. Safi! Akampekua baba yake, mama yake, hadi shangazi yake muuza shuka. Wote safi! Kwa hasira akampekua na mama mkwe wake mwenyewe, eti apate wa kulinganisha.

Masikini, hakujua kwamba kila anayepekuliwa hutumiwa ujumbe kwenye simu, na jina la aliyempekua limo.

Mama mkwe wake alitua sebuleni kwetu chai haijapoa, mkoba kaukumbatia.

"Baba, nimekuja kujisalimisha. Nimemuua nani?"

"Mama, ile ilikuwa kazi tu..."

"Kazi! Nimekupa binti, unanitafutia jela?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka kwamba na wakwe zangu watarajiwa wamepata ujumbe uleule, nikalia. Nani ataoa kwenye nyumba ya wambea kama sisi?

Ofisi nayo haikumwacha. Kupekua watu bila ruhusa ni kosa, kaka akapelekwa mahakamani, akatiwa hatiani, akatozwa faini.

Jumapili iliyofuata fundi akaja na baba yake. Nikajua naachwa. Kaka akawahi kusema idhini ametoa, tena kwa mikono miwili!

"Binti tunamtaka," mzee alisema. "Ila ukoo wetu haujawahi kuoa kwa wahalifu. Tumekaa kikao, tukaona tuvumilie. Ombi letu ni moja: siku ya harusi, huyu asikae karibu na meza ya zawadi."

"Msihofu," alidakia mama mkwe wa kaka, naye alikuwa amekuja kushuhudia. "Nitamlinda mimi."